Kupanga Upya Vyumba vya Darini katika Nyumba ya Mawe ya Mji Mkongwe, Unguja: Mwongozo Kamili

Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja, ngazi ya mwisho haimtoi mtu kwenye hewa, bali humwingiza chini ya mabati. Awali nyumba hizi zilimalizikia kwa sakafu bapa ya chokaa iliyozungushiwa ukingo wa ukuta, na jioni watu walipanda huko kupunga upepo. Lakini Unguja hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, sakafu bapa huvuja, na tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 wenye nyumba wengi waliamua kusimamisha kenchi, yaani fremu za mbao za kubebea paa, na kuezeka mabati juu ya sakafu ile ile. Nafasi iliyopatikana katikati ilikuwa ya kuwekea magunia na vyombo vilivyochoka. Baadaye ikalaliwa na wageni, kisha ikapangishwa. Ndiyo maana makaazi mengi ya darini hayana mpango wowote: hakuna aliyekaa akayabuni, yalikua tu, kiambaza kimoja leo na kingine baada ya miaka 10.

Anayetaka kuyapanga upya kwa kawaida huanza kwa kuchukua karatasi na kuchora vyumba vinavyoonekana kutoka juu, kama anavyochora nyumba ya kiwanjani yenye kuta zilizosimama wima pande zote. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Darini, kinachogawa nyumba si upana wa sakafu bali ni kimo, yaani nafasi iliyopo kati ya sakafu na paa, na baada ya kimo ni boriti zilizo chini ya miguu. Ukivijua viwili hivyo kwanza, vyumba hujipanga karibu vyenyewe; usipovijua, utahamisha viambaza mara tatu na bado watu watagonga vichwa.

Nitatumia nyumba moja ya mtaa wa Kiponda ambayo nilishiriki kuipima na kuipanga. Darini, kwa ndani, ina upana wa mita 5.9 na urefu wa mita 9.4. Mwamba wa paa, yaani mti wa juu kabisa pale pande mbili za paa zinapokutana, unakwenda kaskazini kwa kusini, juu kabisa ya ukuta mnene unaoigawa ghorofa ya chini, na kimo chake ni mita 3.1 kutoka sakafuni. Upenuni, pande zote mbili, kimo ni mita 1 tu. Tulipoikuta, ujia wa upana wa mita 1.1 ulipita katikati kutoka ncha moja hadi nyingine, na vyumba vinne vilikuwa vimebanwa kushoto na kulia kwake, kila kimoja kikiwa na upana wa kama mita 2.4. Sehemu pekee ya nyumba ambamo mtu mrefu angeweza kutembea bila wasiwasi ilikuwa njia ya kwenda kwingine.

Hatua ya kwanza: ruhusa kabla ya nyundo

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote inayogusa paa, madirisha, kuta au ngazi inahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nyumba nyingine ni za Serikali, nyingine ni za wakfu, nyingine za watu binafsi wenye hisa za urithi ambazo hazijagawanywa. Kwa hiyo mpangaji, hata aliyekaa miaka 20, apate kwanza idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi. Zungumza pia na wanaokaa chini yako, kwa sababu sakafu yako ni dari yao na maji yako yatakuwa mvua yao. Michoro utakayoitengeneza katika hatua zinazofuata ndiyo hiyo hiyo utakayoipeleka kuombea kibali, hivyo ichore kwa usafi tangu mwanzo.

Hatua ya pili: kupima

Inahitaji watu wawili, tepu ya kupimia, timazi, pima maji, chaki, tochi na nusu siku. Usiamini pembe yoyote kuwa ni mraba. Kuta za nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa mkono na jicho, na chumba kinachoonekana kimenyooka kinaweza kupishana sentimita 20 kati ya upande mmoja na mwingine. Kwa hiyo pima kila ukuta, kisha pima mishazari yote miwili. Kimo cha mwamba kipime sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, maana mwamba wa zamani hulegea katikati.

Andika mahali ilipo kila kenchi na kila nguzo, tundu la ngazi, madirisha, mabomba yanayopanda na yanayoshuka. Tazama kwa makini miti ya kulala inayoshika kenchi zisitanuke, ambayo mafundi huiita mtambaapanya. Nimeona makaazi ambamo miti hiyo ilikatwa ili watu wapite bila kuinama. Matokeo yake hayaonekani mwaka wa kwanza. Kenchi huanza kufunguka polepole kama miguu ya mtu aliyesimama juu ya utelezi, zikisukuma ukingo wa ukuta nje, na nyufa zinapotokea, watu hulaumu mtetemo wa magari. Katika nyumba ya Kiponda mtambaapanya ulipita mita 2.2 juu ya sakafu; tuliuacha uonekane, ukapakwa mafuta, ukawa pambo.

Vipimo vyote vya kimo vichukulie kutoka pale dari jipya litakapokuwa, si kutoka kwenye bati. Dari pamoja na nafasi ya hewa iliyo nyuma yake hula sentimita 12 hadi 15, na katika nyumba yenye mteremko huo ni kiasi cha kutosha kumfanya mtu ainame alipodhani atasimama. Vipimo vya mfano wangu nimeshavipunguzia.

Halafu shuka chini upime ghorofa iliyo chini yako pia. Wengi huliruka jambo hili kwa kuona haya kuingia kwa jirani, lakini bila mchoro wa chini hujui wapi pana ukuta wa kubebea uzito na wapi ni boriti tupu. Chora ghorofa zote mbili kwa kipimo kimoja, kwenye karatasi nyepesi, ili uweze kuweka moja juu ya nyingine.

Hatua ya tatu: chora mkato, halafu mistari miwili ya chaki

Mkato ni mchoro unaoionyesha nyumba kana kwamba umeikata kwa kisu kama boflo, ukaitazama ile sehemu iliyokatwa. Chora sakafu, upenu wa kushoto, mwamba, upenu wa kulia. Sasa tafuta ni umbali gani kutoka ukutani kimo kinafikia mita 1.5, na ni wapi kinafikia mita 2. Katika mfano wetu paa linapanda mita 2.1 ndani ya mita 2.95, yaani kila mita moja unayosogea kutoka ukutani inakuongezea sentimita 71 za kimo. Kwa hiyo mita 1.5 inapatikana sentimita 70 kutoka ukutani, na mita 2 inapatikana mita 1.4 kutoka ukutani.

Ichore mistari hiyo miwili kwa chaki kwenye sakafu yenyewe, pande zote mbili, kutoka ncha hadi ncha. Kati ya ukuta na mstari wa kwanza ni mahali pa vitu: makabati, masanduku, mabomba, vitabu. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili ni mahali pa mtu aliyeketi au aliyelala. Katikati, ndani ya mistari ya mita 2, ndiko mtu anakosimama, anakopika, anakovaa na anakoswali. Huko katikati ndiko kwenye thamani, na kila sentimita ya huko iulizwe inafanya kazi gani.

Wajerumani, ambao wana vyumba vingi vya aina hii katika miji yao ya zamani, wana kanuni rahisi ya kuhesabu eneo: penye kimo cha mita 2 au zaidi huhesabiwa lote, penye kati ya mita 1 na mita 2 huhesabiwa nusu, na chini ya mita 1 hakuhesabiwi kabisa. Kwa kanuni hiyo, darini mwetu ambamo sakafu ni mita za mraba 55 mnabaki mita za mraba kama 42, na kati ya hizo mita 29 tu ndizo za kusimama. Ule ujia wa zamani ulikuwa umekula zaidi ya mita 10 kati ya 29 hizo, yaani zaidi ya theluthi. Nilipomwonyesha mwenye nyumba hesabu hiyo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama tunaweza kuanza kesho.

Hatua ya nne: ijue sakafu kabla ya kuibebesha

Sakafu ya nyumba ya mawe si jamvi la zege lenye nondo. Chini kabisa ni boriti za mkandaa, miti ya mikoko iliyoletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na pwani ya Lamu, zimelazwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake hupangwa mawe bapa, kisha zege la chokaa linalopondwa hadi likashikana. Boriti hizo hazivuki nafasi kubwa, na ndiyo sababu vyumba vya Mji Mkongwe vina upana wa kati ya mita 2.5 na 3 hata vikiwa virefu kama ukumbi: mti ndio ulioamua. Kutokana na hilo unaweza kujua mwelekeo wa boriti hata kama zimefunikwa, kwa sababu daima hulala upande mfupi wa chumba. Katika nyumba ya Kiponda zinatoka ukuta wa nje, mashariki na magharibi, na kutua juu ya ukuta wa kati.

Kagua ncha zake. Mti huoza mahali unapoingia ukutani, hasa chini ya upenu ambako maji ya paa hukwama nyuma ya ukingo. Ukiwa chini na tochi, gonga kila boriti kwa mpini wa bisibisi: iliyo nzima hutoa mlio mkavu, iliyoliwa hutoa sauti ya kibuyu. Kisha ichome kwa ncha ya bisibisi karibu na ukuta. Ikiingia bila nguvu kwa zaidi ya sentimita moja, mwite fundi anayezijua nyumba hizi kabla hujaendelea na jambo jingine lolote. Tulikuta boriti 6 za namna hiyo, zote upande wa magharibi, na juu yake kulikuwa na gata lililotoboka ambalo hakuna aliyelitazama kwa miaka.

Baada ya hapo fanya hesabu ya uzito. Kiambaza cha matofali ya saruji chenye unene wa sentimita 15 na kimo cha mita 2.5 kina uzito wa zaidi ya kilo 700 kwa kila mita moja ya urefu wake. Kiambaza cha fremu ya mbao kilichopigwa bodi pande zote mbili hakifiki kilo 80. Lipu ya saruji ya sentimita 5 ya kulazia vigae inaongeza kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba, kabla ya vigae vyenyewe. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji. Kwa hiyo darini usijenge tofali hata moja, usisawazishe sakafu kwa saruji, na tangi, kama hapana budi liwe juu, likae juu ya ukuta wa kati kwa kuwekewa mbao nene zinazovuka kwenda kuta za pembeni, lisikae kamwe katikati ya boriti.

Kiambaza chepesi nacho kina adabu yake. Kikikatiza boriti nyingi, uzito wake hugawanyika. Kikienda sambamba na boriti, kinaweza kumwangukia mti mmoja peke yake. Tukitaka viambaza vinavyokatiza upana wa nyumba, kama tulivyotaka Kiponda, vitakwenda sambamba na boriti, hivyo tulilaza chini yake ubao mpana wa sentimita 25 ili uzito uguse boriti mbili au tatu.

Hatua ya tano: ngazi

Kuhamisha ngazi kunamaanisha kukata boriti mpya na kuziba tundu la zamani, na mara nyingi gharama yake haikubaliki, wala kibali chake hakipatikani kirahisi. Ichukulie ngazi kama jambo lililokwisha kuamuliwa, isipokuwa pale inapotokea chini ya upenu kiasi kwamba mtu hawezi kuimaliza bila kutambaa. Ngazi nzuri ya darini hupanda kutoka upande wa upenu kuelekea kwenye mwamba, ili kimo kiongezeke kadiri kichwa kinavyopanda, na tundu lake liwe refu kwa kufuata boriti, kwa kuwa hapo hukata miti michache. Yetu ilikuwa hivyo: inapanda kutoka magharibi na kumaliza karibu na ukuta wa kati, takriban nusu ya urefu wa nyumba. Bahati hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuufuta ujia, maana ngazi inayotokea katikati hugawa nyumba pande mbili bila kuhitaji njia ndefu.

Hatua ya sita: maji yafuate maji

Choo cha juu kiwe juu ya choo cha chini, au kisipite mita moja na nusu kutoka bomba linaloshuka. Bomba la inchi 4 la choo linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Ukilipeleka mita 5, unahitaji sentimita 10 za mteremko pamoja na unene wa bomba lenyewe, na darini sentimita hizo utazinunua kwa kuinua sakafu, yaani kwa kupunguza kimo. Usilizike bomba ndani ya ukuta wa mawe. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kimya kimya na kuyashusha ghorofa mbili chini kabla hujaona dalili, kwa hiyo mabomba yote yapite wazi au nyuma ya ubao unaofunguka.

Sakafu ya bafu ijengwe kama sinia: jukwaa jepesi la mbao na bodi ya saruji, juu yake tabaka lisilopitisha maji linalopanda ukutani sentimita 15, na mahali pa kuogea lipande hadi mita 2. Likamilishe kwa vigae vidogo vilivyogundishwa, si vilivyolazwa kwenye lipu nene. Kisha ziba tundu la kutolea maji, lijaze bafu maji ya sentimita 2 na uliache usiku mzima. Asubuhi shuka ukatazame dari la jirani. Kama fundi hataki jaribio hilo, tafuta fundi mwingine.

Hatua ya saba: kugawa vyumba

Sasa tu ndipo unachora ramani. Kwa kuwa sehemu yenye kimo ni ukanda wa katikati wa mita 3.1, vyumba vikigawanywa kwa viambaza vinavyokatiza, kila chumba hupata fungu lake la kimo pamoja na upenu wake wa pande mbili. Vikigawanywa kwa urefu, chumba kimoja hupata na kingine hukosa, au ujia hupata na vyote hukosa.

Nyumba ya Kiponda tuliigawa mapande matatu kwa viambaza viwili vya sentimita 10. Kaskazini ni sebule yenye jiko, mita 4.2. Kusini ni chumba cha kulala, mita 3. Katikati ni pande la mita 2, ambalo ndilo lililotaka akili zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna tundu la ngazi upande wa magharibi, kibaraza cha ndani cha upana wa mita 1.2 chini ya mwamba, na bafu upande wa mashariki, juu ya bafu la chini. Njia iliyokuwa mita za mraba zaidi ya 10 imebaki kama mita 2.4, na mtu akitoka kwenye ngazi hufika sebuleni au chumbani kwa hatua mbili. Kando ya tundu la ngazi kulibaki kipande cha upana wa mita 1.1 kilichogeuzwa kabati la nguo la nyumba nzima.

Bafu lina kina cha mita 2.6 kutoka upenuni. Sentimita 70 za mwanzo tulizifunga kwa kiukuta cha bodi chenye kimo cha mita 1.5, na nyuma yake mabomba yote yakapita. Choo kikakaa kikiupa mgongo ukuta huo, na ncha yake ya mbele ikafika mita 1.4 kutoka upenuni, pale pale kimo kinapofikia mita 2, hivyo anayesimama mbele yake hana haja ya kuinama. Mita 1.2 zilizobaki ni za kuogea, beseni na mlango. Kila bafu la darini litakalokuja mbele yako lijaribu kwa njia hii: si swali la choo kinaenea wapi, bali kichwa cha anayekitumia kinafika wapi.

Wenye kuhitaji vyumba viwili vya kulala wanaweza kulikata pande la kusini kwa kiambaza kimoja chini ya mwamba, kila upande ukapata upana wa kama mita 2.9. Hapo unakubali kupoteza kitu: kila chumba kitasimamika kwa mita moja na nusu tu. Kwa watoto inatosha. Kwa watu wazima ningependelea chumba kimoja kikubwa na kitanda cha sebuleni.

Hatua ya nane: jiko, kitanda na vingine

Jiko lisikae upenuni. Meza ya kupikia ina kina cha sentimita 60, na ukiisukuma hadi ukutani mpishi atasimama mahali ambapo kimo hakifiki mita 2. Tulilipanga jiko likiegemea upande wa pili wa kiambaza cha bafu, ili sinki na bafu vitumie mabomba yale yale: friji fupi katika sehemu ya chini ya paa, sinki baada ya mita 1.4, na jiko la gesi karibu na katikati, kiambaza kikiwa kimefunikwa bodi ya saruji isiyoshika moto. Mtungi wa gesi uweke mbali na tundu la ngazi na karibu na dirisha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka chini kama maji, na ngazi ndiyo njia yako ya pekee ya kutokea.

Kitanda nacho kina kanuni yake. Mtu anayeketi kitandani ghafla usiku anahitaji kimo cha kama mita 1.5 kutoka sakafuni pale mto ulipo. Kwa hiyo usisukume kitanda hadi upenuni. Weka kwanza kabati fupi la kina cha sentimita 70, kichwa cha kitanda kiegemee hapo, na miguu ielekee katikati ya chumba. Umepata mahali pa mashuka na mabegi, na hakuna anayeamka na nundu.

Kabla ya kununua ubao hata mmoja, chora ramani nzima kwa chaki darini penyewe kwa ukubwa wake halisi. Weka maboksi kuwa kitanda, viti kuwa choo na jiko. Ingia, keti, beba sufuria, fungua mlango usiokuwepo. Tulifanya hivyo kwa jioni mbili, na bibi wa nyumba ndiye aliyegundua kwamba mlango wa bafu, kama tulivyouchora, ungemgonga mtu anayepanda ngazi. Wataalamu tulikuwa watatu na hatukuliona.

Hatua ya tisa: joto na upepo

Mpango mzuri chini ya bati la moto haukaliki. Bati lililopigwa na jua la saa sita mchana hupita nyuzi joto 60, nalo humulika joto hilo vichwani mwa watu hata hewa ikiwa imetulia. Dari lifuate mteremko wa paa, liache nafasi ya hewa ya angalau sentimita 5 chini ya bati, na nafasi hiyo ifunguliwe upenuni hewa iingie na juu kabisa kwenye mwamba itoke. Karatasi yenye kung'aa ikitazama nafasi hiyo husaidia sana kwa bei ndogo. Bila tundu la kutokea juu, dari ni sufuria yenye kifuniko.

Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio unaokuja wakati wa joto kali, na kusi hutawala katikati ya mwaka. Madirisha yakae kwenye kuta mbili za ncha, zile zenye umbo la pembetatu, ambako kimo kipo na sura ya paa haibadiliki kwa anayeitazama mtaani. Lakini viambaza vinavyokatiza vitauzuia upepo usipite, hivyo vimalizie mita 2.3 na juu yake pigilia kimia cha mbao hadi darini, isipokuwa bafuni tu. Sauti nazo zitapita; kama nyumbani kuna mkoromaji, kimia kiwe na kifuniko cha kufunga na kufungua.

Hatua ya kumi: mpangilio wa kazi

Anza masika yakisha, mwezi Juni, ili paa limalizike kabla ya vuli. Kwanza paa na magata, pili boriti, tatu mabomba na waya za umeme, nne viambaza, tano dari, mwisho lipu na rangi. Magata usiyafanyie ubahili: mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 3,000 zinazotafuta pa kwenda. Kuta za mawe zipigwe lipu ya chokaa iliyolowekwa muda wa kutosha, wala si saruji, kwa sababu saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya mawe na baada ya misimu michache hubanduka kwa vipande vikubwa pamoja na uso wa ukuta.

Katika kiukuta cha upenuni acha vidirisha vya mbao vinavyofunguka, kimoja kila mita mbili, vya kupitisha kichwa na tochi. Siku ya mvua kubwa ya kwanza ya masika yanayofuata, vifungue vyote, uingize mkono hadi pale kenchi inapotua juu ya ukuta, na upapase kama mti ni mkavu.